Fahali wa Shivachi

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya probesheni leo nawaonea wivu, na sitauficha. Mnapewa pikipiki ya ofisi. Mna simu ambayo unampigia mteja akiwa shambani na kumuuliza yuko wapi. Mimi nilipoanza tulikuwa tukitembea. Njia za miguu za Shinyalu na Iguhu nilizijua kwa viatu vilivyoisha soli, na matope ya kule wakati wa mvua hayamjui mtumishi wa serikali wala mwizi wa kuku.

Lakini msiitegemee hiyo simu sana. Mwaka wangu wa mwisho kazini, mteja mmoja alinitumia picha yake akiwa mgombani, ati anapalilia kwao kama alivyoagizwa. Nikaitazama vizuri. Nyuma ya mgomba kulikuwa na ukuta wa buluu wa baa moja hapa mjini Kakamega. Nilimpigia nikamwambia, "Ukimaliza kupalilia hiyo chupa, kuja ofisini." Alikuja mbio, jembe begani, mpya, karatasi ya dukani bado imeshikamana na mpini.

Kwa yule asiyeijua kazi yetu, ni hivi. Mtu akipatikana na hatia, hakimu anaweza kuona kwamba jela haitamsaidia. Basi humrudisha nyumbani kwa masharti, na afisa wa probesheni ndiye anayemwangalia. Mtu huyo ndiye tunayemwita mteja. Wengi wakisikia wanarudi nyumbani hufikiri kesi imekwisha. Haijaisha. Imelala tu mlangoni kama mbwa, na ukimkanyaga ataamka.

Nina mwenzangu niliyeanza naye kazi. Nitamwita Josephat. Siku ya kumuaga alipostaafu, mkubwa wetu alisimama akasema kwamba hakuna mteja wa Josephat aliyewahi kurudishwa kortini kwa kuvunja masharti. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, lakini keki yake ilinikwama kooni. Wangu walirudishwa, na wengine nikawaona wakipanda lori la magereza. Hata leo nikimwona Josephat sokoni, amenyooka na kofia yake, moyo hunisema vibaya. Huwa najiambia kwamba mtu asiyewatembelea wateja wake hawezi kujua wamevunja nini. Huo ni wivu, najua. Ila pia ni kweli.

Katika wangu waliofungwa, anayenirudia moyoni kila mara ni Ambani wa Shinyalu.

Ambani alikuwa mwanamume wa makamo, mkulima wa mahindi na chai kidogo, mwenye mke anayeitwa Beatrice na watoto. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Shivachi, ambaye hakuwa ameoa. Walikaa boma moja na mama yao mjane, Mama Khasandi, kila mmoja na nyumba yake, ua wa miti ukiwatenganisha. Baba yao alikuwa mtu wa fahali. Mkienda Shinyalu mtaambiwa fahali wa kupigana si ng'ombe tu. Ni jina la nyumba. Asubuhi ya mchezo hutolewa na ngoma za isukuti, watu wakimkimbiza mbele na nyuma kwa nyimbo, na mwenyewe hutembea kando yake kama bwana harusi.

Mzee alipokuwa anakufa, fahali aliyekuwa zizini alimwachia Shivachi. Ambani ndiye mkubwa. Ambani ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri na baba yake kumkatia fahali nyasi tangu utotoni. Mzee hakueleza sababu, akafa. Fahali yule akashinda, akashinda tena, na kila akishinda vijana walimbeba Shivachi juu mabegani na kupita naye mbele ya nyumba ya Ambani, kwa sababu njia ilipita hapo.

Asubuhi moja Ambani aliingia zizini na panga akamkata fahali mguu wa nyuma. Hakukimbia. Alikaa kwenye jiwe akingoja watu waamke. Fahali hakupona, ikabidi achinjwe.

Kortini alikiri. Hakimu aliomba ripoti kutoka ofisi yetu kabla ya kutoa hukumu, nami nikatumwa. Hapa niwape funzo moja nililopewa na mkubwa wangu wa kwanza, mzee Wafula, Mungu amrehemu. Alisema, "Rispa, usimuulize mtu kama ametubu. Tembea na yeye mpaka dukani, uone anavyosalimiwa." Basi nilimwambia Ambani anisindikize dukani ninunue kiberiti. Watu walimsalimia, lakini kwa sauti ya chini, kama wanavyomsalimia mfiwa. Nikaona huyu hajatengwa na jamii. Anaweza kukaa nje.

Nilimuuliza Shivachi, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa, anataka ndugu yake afanywe nini. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache.

"Asifungwe, Madam," alisema. "Ni ndugu yangu. Fahali nitanunua mwingine."

Mama Khasandi alimshika mkono Shivachi akambariki hapo hapo. Ambani alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akigeuza uso. Msamaha ule ulimuuma kuliko kama angetukanwa. Niliandika katika ripoti yangu kwamba anafaa kukaa nje, na hakimu akakubali. Masharti yalikuwa ya kawaida: aje kuripoti ofisini, awe na mwenendo mwema, asihame bila ruhusa. Yakaongezwa mawili ya kwake pekee. Asivuke ua kuingia kwa Shivachi, wala asikanyage uwanja wa fahali mpaka muda uishe.

Nilimsomea kwa Kiswahili, kisha karani akamsomea tena kwa Kiluhya. Nilimuuliza kama ameelewa. Hili pia mlijue: mteja akisema "nimeelewa" mwambie arudie mwenyewe. Ambani alirudia sharti kwa sharti bila kukosea, halafu akaniuliza, "Na ngoma zikipita kwangu, nizibe masikio?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwa muda mrefu aliripoti vizuri kuliko wote. Alikuja amevaa shati safi, anakaa pembeni ya benchi, anaitika. Wakati mwingine alituletea mahindi mabichi, nami nikimwambia ayarudishe maana hatupokei kitu kwa mteja, anasema si yake, ni ya Beatrice. Nilianza kumtaja kwa wenzangu kama mfano. Nilitaka hata Josephat asikie.

Kisha Shivachi akanunua fahali mwingine.

Jumamosi ya mchezo, isukuti ilipita mbele ya nyumba ya Ambani kama zamani. Beatrice ndiye aliyenieleza baadaye. Ambani alikuwa ameketi nje akinoa jembe. Ngoma zilipokaribia aliinama tu akaendelea kunoa. Lakini mwimbaji akaanzisha wimbo ambao Ambani aliutunga mwenyewe akiwa kijana, wa kumsifu fahali wa baba yao. Maneno yalikuwa yale yale. Jina tu ndilo lililobadilishwa. Mahali palipokuwa na jina la Ambani, mwana mkubwa, mshika kamba, sasa paliimbwa Shivachi.

Ambani aliweka jembe chini, akaingia kwenye msafara akiwa bila viatu.

Uwanjani kila mtu alimwona. Hakumgusa fahali safari hii. Fahali wa Shivachi aliposhinda, na vijana wakaanza tena wimbo ule, Ambani alipenya katikati, akamnyang'anya ndugu yake fimbo mbele ya watu wote, akaivunja kwa goti. Shivachi alisimama tu akamtazama. Ambani akapiga kelele, "Basi imba yako! Hata wimbo huna?" Wazee walimshika wakamtoa.

Jumatatu nilimkuta Beatrice akinisubiri nje ya ofisi, amejifunga leso kiunoni kama mtu aliyekuja kulima.

"Madam, haukuona kitu," aliniambia. "Wewe haukuwa huko. Si ulikuwa hapa town?"

"Beatrice, uwanja mzima uliona."

"Uwanja haufungi mtu. Ni wewe unafunganga."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu kila afisa anayaogopa. Vijana, kuna makosa ya kuonya na kuna makosa ya kupeleka kortini. Mteja akikosa kuripoti kwa sababu mtoto ni mgonjwa, unamsikiliza, unaandika, unampa siku nyingine. Akifiwa, unamwelewa. Lakini mtu aliyekatazwa kukanyaga mahali, akienda hapo hapo kumfuata aliyemkosea mbele ya watu, ukinyamaza, siku atakapomuumiza utaulizwa ulikuwa wapi. Nilimwambia Beatrice hivyo. Alinitazama, akafungua leso akajifuta uso, akaenda zake bila kuaga.

Nilipeleka taarifa kortini. Ambani alitumiwa samansi, karatasi ya kumwita kortini, akaja mwenyewe. Wasiokuja ndio hutolewa waranti wakakamatwa, na hakimu hapendi kulazimika kufika huko. Mahakama ina njia kadhaa. Inaweza kumwonya mtu na kumwacha aendelee, inaweza kumtoza faini, au inaweza kuifuta probesheni yote na kumhukumu kwa lile kosa la kwanza kana kwamba ndiyo leo analikiri. Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Miezi yote aliyoripoti vizuri, na shati safi, haipunguzi kifungo.

Hakimu alikuwa mama mwenye subira. Alimuuliza, "Umesikia alivyosema afisa. Ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Kwa nini ulienda?"

"Waliimba wimbo wangu."

"Nikikurudisha nyumbani, na wakaimba tena?"

Nilimwombea moyoni aseme kitu chepesi, aseme ataziba masikio. Ambani alifikiri, kisha akasema kweli. "Nitaenda tena."

Hakimu aliifuta probesheni akamhukumu kifungo kwa kosa la kumjeruhi mnyama. Ambani alivua mkanda, akampa Beatrice pamoja na simu yake. Shivachi alikuwepo nyuma ya chumba. Askari alipomtoa Ambani, wale ndugu walipishana karibu wagusane.

Watu huuliza mtu akifungwa namna hii huwaje. Huwa hivi. Ananyolewa, anapewa sare, anapangiwa kazi. Ambani alipelekwa shamba la gereza, akapanda sukuma wiki na mahindi kama kwao. Akiwa na nidhamu, theluthi ya kifungo husamehewa. Hayo ya ndani si magumu kusimulia. Magumu ni ya nje, nyumbani, ambako maisha yanaendelea bila yeye na yeye anayasikia kidogo kidogo siku za kutembelewa.

Beatrice alimtembelea kila alipoweza. Alikuwa akimpelekea sabuni, na habari. Habari ndizo zilizomuumiza. Shivachi amelima shamba lako, mahindi yametoka vizuri. Shivachi amepeleka watoto shule, walikuwa wamefukuzwa. Shivachi ameziba paa palipokuwa panavuja. Beatrice alidhani anampa mumewe amani. Siku moja Ambani alimuuliza kupitia wavu, "Na akimaliza kuziba paa, analalanga wapi?"

Beatrice aliacha sabuni kwa askari akaondoka. Safari iliyofuata alirudi, Ambani akakataa kutoka kumwona. Akarudi tena. Huyo mwanamke alikuwa na moyo ambao mimi sina. Alimwambia askari, "Mwambie nimekuja. Akitaka akae huko, lakini ajue nimekuja." Akawa anakaa nje ya geti saa za kutembelewa mpaka ziishe, kisha anarudi Shinyalu.

Hapo nikapata nafasi ya kumsaidia. Jaji alikuwa akipitia wafungwa wa makosa madogo, ili wanaofaa wamalizie kifungo nje kwa kazi ya jamii, gereza lipunguze msongamano. Jina la Ambani lilikuwamo, na nikatumwa tena nyumbani kwao kuuliza kama wanampokea. Nilipanda bodaboda mpaka Shinyalu nikiwa na furaha. Nilikuwa na uhakika. Mama angesema ndiyo. Beatrice angesema ndiyo. Shivachi alishamsamehe ndugu yake kwa fahali mzima, sembuse fimbo.

Mama Khasandi alisema ndiyo. Beatrice alisema ndiyo. Shivachi nilimkuta zizini akimsugua fahali mgongo kwa magunzi ya mahindi.

"Hapana, Madam," alisema. "Akae amalize."

Nilidhani sikusikia. "Shivachi, wewe ndiye uliyesema asifungwe."

"Hiyo wakati nilisema." Aliendelea kusugua. "Wewe unafikiri mimi ni mtu mzuri. Watu wote wanafikiri hivyo. Unajua tangu nizaliwe naitwa nini hapa? Mdogo wa Ambani. Fahali ikishinda, wazee wanasema, huyu alifundishwa na Ambani. Amefungwa, nikienda duka naulizwa, ndugu yako anaendelea aje huko? Mimi hakuna mtu ananiuliza naendelea aje."

"Lakini baba yenu alikuachia fahali."

"Alinionea huruma. Alijua Ambani hahitaji." Akatupa gunzi chini. "Ana mke anakaa kwa geti ya jela na hataki kumwona, na bado anaenda. Mimi niko hapa nje, hakuna mtu amewahi kunikalia kwa geti. Sasa angalau nalima shamba lake na watoto wananiitikia. Mama ananiita kabla ya kufanya kitu. Akirudi, naenda wapi?"

Vijana, mtakuja kusikia mambo kama hayo na kalamu iko mkononi. Msiandike mnavyotaka ninyi. Niliandika alivyosema, kwa maneno yake, pamoja na ya mama na ya Beatrice. Jaji aliisoma ripoti yangu kwa sauti Ambani akiwa amesimama pale, akasema kwa kuwa mwenye kuumizwa amekataa na wanakaa boma moja, mfungwa huyu amalizie ndani.

Nilimtazama Ambani nikitegemea hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

Nilimfuata kwenye korido, askari akatupa dakika. "Ambani, unacheka nini? Ungeenda nyumbani leo."

"Madam, soma tena pale."

"Wapi?"

"Pale anasema hakuna mtu anamuuliza."

Nikamsomea. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye habari njema. "Kumbe hata yeye," akasema. "Miaka yote hii nafikiri ni mimi peke yangu." Kisha akaniambia nimwambie Beatrice siku ya kutembelewa atatoka kumwona.

Nami nikaondoka pale nikiwa na wivu wa ajabu. Mimi nilizaliwa peke yangu. Sijawahi kuwa na mtu ambaye akishinda mimi naumia, au nikishinda yeye hapati usingizi. Huo wa Josephat ni wa ofisini, hauna damu ndani yake. Niliwaonea wivu wale wawili kwa uchungu wao wenyewe, na hadi leo sijapata mtu wa kumweleza jambo hilo akanielewa.

Ambani alitoka theluthi yake iliposamehewa. Ofisi yetu huwafuata waliotoka, kuona wamepokelewa vipi, kwa hiyo siku chache baadaye nilienda. Niliwakuta nyumbani kwa Mama Khasandi, wote. Ilikuwa siku ambayo mama aliamua wanawe wale pamoja. Beatrice alinivutia kiti, akanong'ona, "Hawajaongea. Shivachi alimpelekea maji ya kuoga, akasema asante. Hiyo tu."

Chakula kikaja. Obusuma, yaani ugali wa moto, mboga, na kuku, ingokho, aliyepikwa kwa mchuzi. Kwa wasio wa huku, niwaambie kwamba kuku wa nyumba ya Mluhya ana kipande kimoja ambacho hakiguswi ovyo, imondo, ile firigisi. Huyo anayewekewa imondo ndiye mwenye boma. Na wanawake wa umri wa Mama Khasandi walilelewa wakiambiwa kuku si chakula cha mwanamke. Alikuwa amechinja na kupika kuku maisha yake yote bila kuonja hata mchuzi.

Imondo ilikuwa katikati ya sahani, juu ya nyama nyingine. Wakati Ambani yuko gerezani, ilikuwa ikiwekwa mbele ya Shivachi. Sasa Beatrice aliiweka sahani mezani akarudi nyuma haraka, kama mtu aliyewasha kitu.

Shivachi aliisukuma sahani kuelekea kwa ndugu yake. "Chukua. Ni yako."

Ambani akairudisha. "Kula wewe. Si umezoea?"

"Nimesema chukua."

"Na mimi nimesema kula."

Sahani ikaenda na kurudi, na sauti zikaanza kupanda. Shivachi akasimama. Ambani naye akasimama. Nilianza kuhesabu moyoni masharti ambayo hayapo tena, maana mtu aliyemaliza kifungo hana afisa wa kumzuia.

Mama Khasandi alinyoosha mkono. Mkono wake ulikuwa mwembamba, wenye alama za moto wa jikoni. Akaichukua imondo kwa vidole viwili, akaitazama, akaitia kinywani. Akatafuna polepole, kwa sababu meno yake hayakuwa mengi, na sisi sote tukamngoja. Alipomeza alijifuta vidole kwenye leso.

"Ina chumvi kidogo," alisema. "Kaeni chini. Boma ni langu."

Shivachi ndiye aliyekaa kwanza. Ambani akabaki amesimama akimtazama mama yake, mdomo wazi, kisha naye akakaa, akachukua paja, akalivunja vipande viwili na kumwekea ndugu yake kipande kwenye sahani bila kumtazama. Shivachi hakushukuru. Alikila.

Beatrice aliniongezea mchuzi. Nje watoto walikuwa wakimfukuza fahali asile mboga za shambani, na Ambani, bila kugeuka, akawaambia wamfunge upande wa kivuli.